Upande wa Kulia wa Dirisha

Kila Agosti, kabla ya msimu wa mpira wa Kimarekani kuanza, kinyozi Duane Ostergaard hulisugua dirisha lake la mbele mpaka ling'ae, kisha huchukua brashi na rangi nyeupe akaandika majina ya vijana wa Chuo cha Haldane watakaoshambulia mwaka huo. Huwapanga kama watakavyosimama uwanjani ukiwatazama kwa nyuma: ukuta wa watu watano mbele, mrushaji wa mpira nyuma yao, wakimbiaji pembeni. Sorrel Creek ina makanisa matatu na gazeti moja, lakini habari za Korongo, ndiyo timu ya chuo, watu huzisoma kwa Duane.

Dirisha lile lina masharti yake. Duane haandiki kwa kubahatisha. Nafasi asiyokuwa na hakika nayo huiwekea alama ya kuuliza. Na akishaandika jina, halifuti. Kijana akiumia, au akipokonywa nafasi yake, mtu wa nyumbani kwake ndiye anayekuja na kitambaa kulifuta mbele ya macho ya watu. Mji mzima unaijua aibu hiyo. Kuna familia moja pale iliyohama kanisa kwa sababu ya kitambaa, na mpaka leo ukipita kwao usitaje kunyoa.

Mwaka huu Lyle Vondracek alifika dirishani kabla Duane hajafungua kopo la rangi. Lyle ni fundi wa mitambo ya kumwagilia mashamba, mtu wa kimo cha mlango, magoti mabovu yote mawili, sauti ya kuitia ng'ombe. Ujanani alikuwa mlinzi wa mgongo wa Korongo, na jambo hilo utalijua hata kama hukumwuliza.

Mlinzi wa mgongo ni yule anayesimama mwisho wa ukuta upande wa kushoto. Mrushaji akijipinda kurusha, mgongo wake huelekea huko, na adui anayemjia kutoka huko hamwoni mpaka wote wawili wameshalala kwenye nyasi. Kwa hiyo tangu enzi za babu zao Haldane huweka dume lake kushoto. Kulia nako husimama mtu, na huwa mtu mzuri, lakini hakuna anayemnunulia bia.

Emmett, mtoto wa pekee wa Lyle, alikuwa amesimama huko kulia miaka miwili bila mtu kulitaja jina lake isipokuwa mama yake. Kisha mlinzi wa mgongo akahamia chuo kikubwa cha kusini, na mkimbiaji bora naye akamfuata. Gazeti la Jumapili likatoa utabiri wake: mashambulizi ya Korongo mwaka huu yatakuwa butu kama kisu cha shule. Tumaini lililobaki, gazeti likasema, ni Vondracek, ambaye sasa anahamishiwa kushoto. Lyle alilikata gazeti lile akalibandika kwenye mlango wa friji, akamwambia mkewe asilifunike kwa kitu chochote.

"Lyle, ondoa kivuli chako," Duane alisema, brashi mkononi. "Siwezi kuandika ukuta mbele ya ukuta."

"Wewe andika tu. Mimi nasimamia herufi."

"Mwaka wako wewe, marehemu baba yangu alimaliza kopo zima kwa jina lako."

"Lilistahili."

"Lilikuwa refu, bwana. Tusidanganyane."

Waliokuwa wakingoja kunyolewa wakacheka, na Lyle akacheka nao, maana siku hiyo hata angetukanwa angecheka. Duane akaandika VONDRACEK mwisho wa ukuta upande wa kushoto. Upande wa kulia, kwa kuwa haikujulikana nani atachukua nafasi aliyoiacha Emmett, akaweka alama ya kuuliza. Lyle akarudi nyuma hadi katikati ya barabara apate kuliona dirisha zima. Lori la nafaka likampigia honi, hakusogea. Jina lake lilikuwa limesimama mahali pale pale liliposimama yeye alipokuwa na miaka ishirini na nywele zake zote.

Wiki ile Lyle hakuwa na kazi nyingine. Alitengeneza pampu za watu huku akiwaeleza namna mwanawe anavyoweka miguu. Aliyetaja utabiri wa gazeti aliambiwa asubiri aone. Jolene, mkewe, mpishi wa shule ya msingi na mwanamke asiyependa kelele, alimvumilia mpaka siku ya pili jioni.

"Umemwuliza Emmett mwenyewe?"

"Nimwulize nini?"

"Kama anafurahi."

"Jolene, mwanangu amewekwa nilipokuwa mimi. Asifurahi ana kichaa?"

Kesho yake, Jumatano, habari mbaya ikaja. Preston Kolb, mrushaji, aliteguka goti mazoezini, na daktari akasema msimu huu basi. Mama yake alikuja na kitambaa mchana kweupe, akafuta jina la mwanawe taratibu, herufi moja baada ya nyingine, na wanaume waliokuwa barazani wakavua kofia. Chini ya alama ya unyevu Duane akaandika jina jipya: NAHALE. Alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, Kawika Nahale, kutoka Hawaii, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akicheza. Watu waliulizana kila kitu juu yake. Je, ameshaona theluji? Anakula viazi? Atamkumbuka mama yake lini akarudi kwao? Waliuliza yote hayo, lile la maana likawapita.

Usiku huo Emmett alimpigia baba yake simu kutoka bwenini.

"Baba, kuna jambo nataka kukwambia. Kuhusu nafasi yangu."

"Najua. Una wasiwasi. Mimi pia nilikuwa nao. Weka mguu wa nje nyuma, usiangalie mikono yake, angalia kiuno."

"Siyo hilo, baba. Nilitaka…"

"Jumamosi utaniambia, mbele ya mahindi. Kula, ulale. Mji mzima unakutazama wewe, mwanangu!"

Emmett akasema sawa.

Jumamosi ya Mahindi ndiyo siku timu inapojigawa mbele ya watu, washambuliaji wakapambana na walinzi wao wenyewe, kisha wote wakala. Mahindi mabichi huchemshwa kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, siagi iliyoyeyuka hutiwa kwenye makopo ya kahawa, nawe unachovya hindi zima humo bila kuona haya. Lyle alikuja amevaa jezi yake ya zamani, namba sabini na nne, ambayo tumboni ilikuwa imeshakata tamaa. Alikaa na Jolene nyuma ya magoli, mahali wanapokaa watu waliocheza ukutani, kwa sababu huko ndiko unakoiona kazi. Duane alikaa safu ya nyuma yao na mfuko wa mbegu za alizeti.

Washambuliaji wakatoka wakajipanga, migongo ikiwaelekea watu wa magoli. Lyle akatafuta sabini na nne, namba aliyoirithi Emmett, upande wa kushoto. Pale kushoto alisimama kijana mmoja mwembamba kidogo, Jurgens, ambaye hata ndevu hazijamtoka vizuri. Lyle akahesabu ukuta kama mtu aliyeibiwa. Sabini na nne alikuwa kulia, mwisho kabisa, mahali pale pale pa miaka yote miwili.

"Wanabadilishana tu," Lyle alisema. "Kupasha misuli."

Mpira wa kwanza ukachezwa, na wa pili, na wa tatu. Emmett hakutoka kulia.

"Lyle," Duane akaita kutoka nyuma, akitema ganda la alizeti. "Kitambaa unacho, au nikuazime cha dukani? Changu kina nywele nywele."

Watu wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Lyle mwenyewe angecheka hivyo hivyo kama angekuwa mwingine. Lakini damu ilimpanda. Aliwaza wiki nzima ya maneno yake, kila pampu aliyoitengeneza kwa majigambo, friji yenye gazeti. Aliwaza juu ya kusimama mbele ya dirisha lile, mtu mzima wa umri wake, akijifuta mwenyewe. Maana jina lilikuwa la mwanawe lakini herufi zilikuwa zake. Jolene akamshika mkono wa shati.

"Kaa chini."

"Nakwenda kuuliza tu."

"Wewe hujawahi kuuliza tu tangu nikuoe."

Akateremka hata hivyo, magoti yakimlalamikia, akafika kwenye waya unaouzunguka uwanja. Kocha wa ukuta, Rufus Tibbets, mwanamume mfupi mweusi mwenye filimbi na subira nyingi, alikuwa akinywa maji wakati wa mapumziko. Aliwahi kucheza ubavuni mwa Lyle siku za ujana wao.

"Rufus! Kijana wangu amekukosea nini?"

"Salama, Lyle. Na wewe hujambo?"

"Sijambo kitu gani! Umemshusha mbele ya mji mzima. Mtoto yule hata kunyoa bado, ndiye alinde mgongo? Gazeti limeandika, dirisha limeandikwa, na wewe unanifanyia hivi?"

Wachezaji waliokuwa karibu wakageuka. Emmett alikuwa mmoja wao, helmeti mkononi, uso mwekundu kwa jua na kwa lingine. Rufus akafunika chupa yake ya maji bila haraka.

"Sikumshusha mimi," alisema. "Aliomba mwenyewe."

"Aliomba?"

"Alhamisi. Alikuja ofisini, akaniambia nimrudishe kulia. Sasa nisikilize nikueleze kwa nini…"

Lakini Lyle alikuwa ameshageuka. Hakutaka kueleza wala kuelezwa. Kupokonywa angeweza kukustahimili. Makocha hukosea, na mtu hupata wa kumlaumu. Kuomba mwenyewe! Mtoto apewe kiti cha baba yake, akiangalie, kisha aseme hapana, ahsante. Alipanda ngazi akakaa kando ya Jolene na hakumtazama mtu. Hata Duane aliona hali ile akauweka mfuko wake wa mbegu mfukoni.

"Amekikataa," Lyle alisema kwa sauti ndogo. "Amekikataa kiti changu, Jolene."

"Hujui alichokataa. Tangu tumekaa unatazama namba. Tazama mpira."

Mchezo ukaanza tena. Lyle akatazama kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa ukutani, mwisho wa yote macho yake yalijishukia yenyewe kwenye miguu. Miguu ya Emmett ilikuwa sawasawa, wa nje nyuma, uzito chini. Mbele yake alisimama Terrell Gaines, mlinzi wa Haldane hatari kuliko wote kwa kuwaangusha warushaji, kijana mwenye kasi ya paka aliyekanyagwa mkia. Lyle akashangaa. Mkali kama yule unampeleka kwenye mgongo wa mrushaji, humpeleki kulia. Walinzi nao wamechanganyikiwa leo?

Mpira ukatoka. Gaines akaruka nje, akaingia ndani, akazunguka. Emmett akamfuata kwa hatua fupi fupi, akamshika kifuani, akamsukuma mbali na njia. Nyuma yao Kawika Nahale akarudi hatua kadhaa, akajipinda arushe, na hapo Lyle akaona kitu kilichomfanya ainuke nusu. Kutoka pale nyuma ya magoli alizoea kukiona kifua cha mrushaji kikigeukia kulia. Huyu kifua chake kilikuwa kimegeukia kushoto, kwa Jurgens. Na mgongo wake, na jina lake lote lililoandikwa mgongoni, vilikuwa vimemwelekea Emmett.

Kijana akarusha kwa mkono wa kushoto. Mpira ukaenda mbali, ukizunguka vizuri kinyume cha ulivyozoeleka, ukatua mikononi mwa mtu aliyekuwa akikimbia peke yake.

"Mashoto," Lyle alisema.

"Nini?" Duane akauliza.

"Mtoto ni mashoto! Duane, ni mashoto, ana mgongo kulia! Mgongo uko kulia!" Sasa alikuwa amesimama wima, jezi imempanda tumboni, anaonyesha kwa mkono mzima. "Tumekaa hapa vipofu wazima! Na mimi wa kwanza!"

Neno likapita safu kwa safu. Watu waliocheza ukutani maisha yao yote, wanaoweza kukwambia mchezaji kala nini kwa namna anavyoinama, walitazamana kwa aibu. Wengi wao hawakumbuki Haldane kuwa na mrushaji wa mashoto. Kushoto kulikuwa kiti cha enzi tangu wakiwa watoto, na hakuna aliyefikiri kukiuliza kiti kile kinalinda nini.

Tangu hapo Lyle hakukaa tena. Gaines alikuja kwa nguvu, kwa hila, kwa kuzunguka na kwa kujirusha, na kila alikokuja alimkuta Emmett. Mara moja tu alipenya, na hapo Emmett akamsukuma kwa ubavu akaanguka naye. Kijana wa Hawaii alirusha akiwa wima kama mtu anayelisha kuku uani. Katika mpira wa mwisho, mkimbiaji mmoja mpya ambaye gazeti halikumtaja hata kwa jina alipovuka mstari wa magoli, Lyle aligundua kwamba analia, na kwamba hajali nani anamwona.

Kwenye birika la mahindi Emmett alikuja na nywele zilizolowa, mwili mkubwa, mwendo wa mtu anayekwenda kupimwa. Mama yake akampa hindi na kumbusu shavuni, kisha akaenda kutafuta chumvi iliyokuwa mbele ya macho yake.

"Baba, nilitaka kukwambia kwenye simu."

"Ulitaka. Sikukupa nafasi."

"Jumatano, Preston alipoumia, kocha aliniacha kushoto. Mazoea tu, hata yeye hakufikiri. Mazoezi yote yaliyobaki Kawika alikuwa anapigwa kutoka kulia na mimi nimesimama upande mwingine, nalinda hewa. Baada ya hapo alikaa peke yake bafuni, baba. Mtoto yuko maili elfu ngapi na kwao, hajamwona hata anayempiga." Emmett akaligeuza hindi mkononi bila kulila. "Nilijua ulivyokuwa unapataka pale. Nililiona dirisha. Nilipita mara nyingi kulitazama. Na wale wanaokuja kutafuta wachezaji wa kulipwa, wote hutazama kushoto. Lakini mgongo wake uko kulia. Ningefanyaje?"

Lyle akakumbuka mwaka wake wa mwisho uwanjani. Kama mtu angemwambia akitoe kiti kile kwa ajili ya mtoto mgeni, angekitoa? Alijijua. Asingekitoa. Angesubiri aambiwe, na hata angeambiwa angenuna msimu mzima.

"Mimi nisingeomba," alisema.

"Ungeomba, baba."

"Usinivishe kilemba. Nisingeomba." Akaweka mkono wake mzito juu ya shingo ya mwanawe, na siagi ikampaka kijana mpaka sikioni. "Wewe umeomba. Nimejivuna wiki nzima, Emmett, nimechosha watu, na sikuwa hata najua ninajivunia nini. Kula mahindi yako."

Jua lilipoanza kulegea Lyle alikwenda barabara kuu kwa miguu. Hakumwambia mtu, lakini mtu wa kimo kile hawezi kwenda mahali kwa siri, na aliyeshika kitambaa hawezi kabisa. Watu walimfuata kwa mbali. Wengine walikuwa bado wanatafuna. Duane alifungua duka akasimama mlangoni, vijembe vyote vimemwisha.

"Lyle, yale ya kitambaa nilitania."

"Najua. Chako kina nywele nywele, nimekuja na changu."

Kilikuwa shati, kwa kweli. Alikuwa ameivua ile jezi yake kuukuu, amebaki na fulana. Akaichovya kwenye ndoo ya Duane, akaanza kufuta jina upande wa kushoto. Hakufuta taratibu kama mama yake Preston. Alifuta kwa mkono mpana kama mtu anayesafisha meza apate kupakua chakula, na hakuna aliyevua kofia, kwa sababu uso wake ulikuwa unacheka wote. Herufi zikatiririka chini ya kioo. Aliangalia kidogo mahali palipokuwa wazi, mahali pake, kisha akaisogeza ndoo kwa mguu hadi upande wa pili.

Akafuta na alama ya kuuliza.

"Hiyo ihamishie kule kushoto," alimwambia Duane. "Hapa andika jina la mwanangu. Na usibanie rangi."

Duane akachovya brashi. Lyle akarudi nyuma mpaka katikati ya barabara, jezi inamdondoka maji mkononi, akasimama hapo apate kuliona dirisha zima. Gari likaja, likapunguza mwendo. Dereva alitazama dirisha, akamtazama mzee mwenye fulana, akazima injini akangoja.